TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: NANI ANAMWAGILIA MAUA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu waumini wa Ngenge, nanyi mnaotufuata kutoka Muleba mjini, Bukoba na kwingine kote mlikotawanyika kutafuta riziki, natumai daku imeshuka vizuri na swaumu inaendelea. Somo la leo ni refu kidogo kuliko la jana. Kama uko kazini, soma nusu sasa na nusu baada ya adhuhuri, haliozi.

Jana usiku, tulipomaliza tarawehe, mzee wetu mmoja wa safu ya mbele alinishika mkono pale mlangoni kwenye viatu. Mzee huyu nikimwona amekunja uso najua kuna jambo. Akaniuliza swali moja tu:

"Shehe, maua yanaliwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: "Kuna wajane hapa wanafuturu kwa maji ya moto na kipande cha muhogo. Nyinyi mmechanga hela mkapanda maua kwenye matairi. Mbele ya Mwenyezi Mungu mtajibu nini?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe mpaka kesho, nitakujibu kwenye darasa." Nimelala na swali lile, nimeamka nalo kwenye daku. Nimegundua ni swali kubwa kuliko nilivyodhani, na jibu lake limeniumbua mimi mwenyewe. Mtaona huko mbele.

Kwa wasiokuwepo, nieleze kwanza. Wiki ya mwisho ya Shaabani, vijana wetu wa msikiti, vijana wa bodaboda na majirani zetu Wakristo walifanya kazi ya kujitolea pale senta. Walifagia, wakazibua mtaro, wakakusanya matairi mabovu, wakayapaka rangi nyeupe na kijani, wakayajaza udongo na samadi, wakapanda maua kuanzia stendi mpaka kwenye mashine ya kusaga. Hakuna mfadhili aliyetoka mbali. Huyu alileta rangi iliyobaki kwenye ujenzi wake, yule samadi, mwingine matawi aliyokata uani kwake, mwingine mia tano. Kwa kuwa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, tulisema tuingie kwenye mifungo yetu tukiwa na senta safi. Na picha tulipiga. Mimi mwenyewe niko katikati ya ile picha, beleshi mkononi, kanzu imekunjwa mpaka magotini, natabasamu. Wengi wenu mliiweka kwenye stetasi.

Sasa turudi kwa mzee.

Jambo la kwanza ninalotaka kusema hadharani ni kwamba mzee ana haki ya kuuliza. Dini yetu ina mpangilio. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki akishiba usiku na jirani yake wa ubavuni ana njaa, naye anajua. Kwa hiyo kama kuna shilingi ilitolewa kwenye kapu la futari ikaenda kununua rangi, basi tumekosea, na ua lile hata likichanua vipi lina deni. Nimekwenda kumuuliza mweka hazina. Kapu la futari halikuguswa. Alhamdulillah. Ila nimeuliza ndiyo nikajua. Kabla ya mzee kunishika mkono sikuwa nimeuliza. Hilo kosa la kwanza, liandikeni.

Lakini baada ya hapo swali bado lipo. Tuseme hela haikutoka kwenye futari. Je, si ingeweza kwenda huko? Kila shilingi ya ua si ingeweza kuwa shilingi ya unga?

Ndiyo, ingeweza. Hata shilingi ya vocha ingeweza, na ya soda tutakazokunywa Idi, na ya nguo mpya za watoto. Tukilifuata swali hili mpaka mwisho wake, hakuna kitu chochote kizuri kitakachobaki halali mpaka mwenye njaa wa mwisho duniani ashibe. Hapo ndipo nilipokwama kwenye daku, kikombe cha uji mkononi. Nikajiuliza: je, Mwenyezi Mungu mwenyewe anazungumziaje uzuri? Anausema kama anasa ya waliokwisha shiba, au anausema vipi?

Nikakumbuka Suratun Nahl, pale mwanzoni, zinapotajwa neema za mifugo. Nendeni mkaisome, aya ya 5 mpaka ya 7. Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba katika mifugo tunapata kitu cha kujikinga na baridi, tunapata manufaa, na tunakula. Kisha aya inayofuata anataja kwamba tunapata uzuri ndani yao, tunapowarudisha jioni na tunapowatoa asubuhi kwenda malishoni. Baada ya hapo ndipo anataja kwamba wanatubebea mizigo.

Sisi watu wa huku tunaielewa aya hii bila mwalimu. Nani hajawahi kusimama jioni akaangalia ng'ombe wenye pembe ndefu wakirudi, vumbi linapanda, jua linazama, na moyo ukatulia? Hata kama ng'ombe si wako. Hata kama hutapata tone la maziwa yao. Angalia basi uzuri umewekwa wapi. Haukuwekwa mwishoni kama nyongeza, umewekwa katikati, kati ya chakula na mzigo. Aliyetuumba anajua tuna tumbo, anajua tuna mgongo unaochoka, na anajua tuna macho. Vyote vitatu amevihudumia kwa mnyama mmoja.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu la swali lako kama ulivyoliuliza ni hili: maua hayaliwi. Na pembe za ng'ombe haziliwi, na machweo hayaliwi. Ila Mola wetu hakuona aibu kuvihesabu katika neema.

Kuna jambo la pili. Tuangalie senta ni mahali pa nani.

Nyumbani kwetu sisi ni watu nadhifu. Ingia kibanja cha mtu yeyote anayejiheshimu hapa Kagera. Chini ya migomba pametandikwa nyasi, uani pamefagiwa alfajiri, mpakani umepandwa mulamula, umesimama wima, jirani anajua mwisho wa kwake ni wapi. Wazee wetu hawakuwa na hela, ila walikuwa na uwanja msafi. Sasa toka nje ya mulamula wako, hatua kumi tu, ufike barabarani. Maganda ya miwa. Chupa. Mifuko. Mtaro umeziba. Na mtu yuleyule aliyefagia uani kwake alfajiri ndiye aliyetupa ganda pale saa nne. Kwa nini? Kwa sababu pale si pa mtu. Tumejifunza kupenda kilicho chetu peke yetu. Kilicho chetu sote tunakiona hakina mwenyewe.

Lakini fikiri nani anakaa pale. Mwenye nafasi ana uwanja wake, ana ukuta, ana maua nyuma ya geti. Anapita senta ndani ya gari, vioo vimefungwa. Anayekaa senta ni yule anayesubiri gari la kwenda hospitali Muleba, amebeba mtoto mwenye homa. Ni muuza karanga. Ni kijana wa bodaboda asiye na kibanja. Ni mjane yuleyule uliyemtaja, mzee wangu, anayekaa pale na fungu la nyanya tangu asubuhi. Hao ndio wenye senta. Uwanja wao ni ule. Ukiuacha mchafu umewaambia kitu, hata kama hujafungua mdomo. Na ukipanda ua moja pale, umempa kitu mtu ambaye hana mahali pake pa kulipanda.

Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alipozitaja tanzu za imani, sabini na kitu, akaweka juu kabisa shahada ya Tauhidi, na chini kabisa, lakini ndani ya imani, akaweka kuondoa udhia njiani. Njiani, si uani kwako. Uani kwako utaondoa mwiba kwa sababu utakuchoma wewe. Njiani unauondoa kwa ajili ya mguu wa mtu usiyemjua. Na akatufundisha pia kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, inaandikwa kwake kuwa sadaka. Kwa hesabu hiyo hata mbuzi waliokula maua yetu pale karibu na mashine wametupatia thawabu, ingawa wenye mbuzi ninawaomba sana, fungeni mbuzi wenu. Thawabu hizo zimetutosha.

Ndugu zangu, darasa langu lingeishia hapa lingekuwa zuri. Ningekuwa nimemjibu mzee, nimeshinda, vijana wangefurahi. Lakini kuna jambo sijawaambia.

Maua mengi yamekufa.

Nendeni mkaangalie. Hayakuuawa na mbuzi peke yao. Yamekufa kwa kiu. Tulipanda siku moja, tukapiga picha siku moja, tukaenda nyumbani. Mimi mwenye beleshi sikurudi hata mara moja na kopo la maji. Nilipita pale kila siku kwenda kufundisha, nikaona majani yanajikunja, nikasema moyoni, vijana watamwagilia. Vijana wakasema bodaboda watamwagilia, wao ndio wanashinda pale. Bodaboda wakasema ni mradi wa msikiti. Kila mmoja wetu alikuwa na mwenzake wa kumtegemea, na tairi likakauka katikati yetu.

Isipokuwa matairi matatu. Matatu yako hai, yamechanua. Nikawa najiuliza, haya matatu yana nini?

Siku ya tano ya mfungo, baada ya alfajiri, nilipitia senta kwenda kumwona mgonjwa. Kulikuwa bado na giza kidogo. Nikaona mtu ameinama kwenye tairi, ana kidumu kilichokatwa mdomo, anamwaga maji polepole, kama anayemnywesha mtoto. Yalikuwa maji yaliyokwisha suuza vyombo, nililiona povu.

Sitasema ni nani. Sitasema ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, wala anaswali wapi au kama anaswali. Nanyi nawasihi msimtafute, msiamke mapema kwenda kumvizia. Mkifanya hivyo mtaniharibia amana yangu. Nitasema tu kwamba ni mtu ambaye sikumkumbuka kumwalika siku ile ya kupanda. Hayumo kwenye picha.

Akashtuka kuniona. Kitu cha kwanza alichosema: "Waitu, Shehe, usiniseme."

Nikamuuliza, "Kwa nini unafanya hivi?"

Akafikiri kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Akasema, "Si mliyaalika wenyewe? Mgeni akishaalikwa, atanyimwa maji?"

Akachukua kidumu chake akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama na kanzu yangu safi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijihesabu. Nina swaumu tano, nikajiona nimepanda daraja. Lakini swaumu ni nini? Ni ibada ambayo hakuna anayeiona. Mtu akiswali anaonekana, akitoa zaka anaonekana, akihiji tunampokea kwa kaswida. Aliyefunga na asiyefunga wakikaa kwenye benchi moja, huwezi kuwatofautisha. Angeweza kunywa maji chumbani na kutoka amejifuta mdomo. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu akaifanya swaumu kuwa yake, akasema Yeye ndiye atakayeilipa. Mwezi mzima huu ni shule ya kufanya jambo bila kuonwa. Na mimi mwalimu wa shule hiyo nimepata somo langu kwa mtu mwenye kidumu cha maji ya vyombo.

Nisieleweke vibaya. Kutenda wema hadharani si dhambi. Suratul Baqara inatufundisha kwamba sadaka tukizidhihirisha ni vizuri, na tukizificha tukawapa mafukara ni bora zaidi kwetu. Zote mbili zina nafasi. Siku ya kupanda ilibidi iwe ya hadharani, huwezi kuficha watu arobaini na matairi. Na picha ile imewatia moyo wengine, kuna waumini wa kijiji jirani wameniuliza tulifanyaje. Tatizo halikuwa picha. Tatizo ni kwamba baada ya picha hapakuwa na kitu. Hadharani tulikuwa na mengi, sirini hatukuwa na kopo moja. Na Mtume (s.a.w.) alishatuambia, kwa mapokezi ya Mama Aisha, kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata iwe ndogo. Kupanda ni amali kubwa ya siku moja. Kumwagilia ni amali ndogo ya kila siku. Sisi tulichukua kubwa, tukamwachia mtu mmoja ile inayopendwa zaidi.

Hapo nikakumbuka kisa kilichopokewa na Abu Hurayra, kipo kwa Bukhari na Muslim. Msikitini kwa Mtume (s.a.w.) alikuwepo mtu mweusi aliyekuwa akifagia. Mapokezi yanasita: alikuwa mwanamke au mwanamume? Oneni hilo kwanza, ndugu zangu. Masahaba waliohifadhi maelfu ya hadithi, lakini aliyefagia msikiti wao, msimuliaji hana hakika alikuwa nani. Alipokufa wakamzika bila kumjulisha Mtume. Kama vile waliona ni jambo dogo, si la kumsumbua. Mtume akamkosa, akamuulizia, akaambiwa amekufa. Akawalaumu kwa nini hawakumwambia. Akaomba aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia.

Sisi tunakisoma kisa hiki tukimpenda yule mfagiaji. Mwaka huu kwa mara ya kwanza nimekisoma nikiwa upande wa wale walioona ni jambo dogo.

Na nimejiuliza tumejifunzia wapi kudharau kazi hii. Nikapata jibu ambalo silipendi, kwa sababu mimi pia ni mwalimu wa darasani.

Nyote mliosoma shule za msingi za nchi hii mnakumbuka: kidumu na fagio. Asubuhi, kabla ya mstari, kila darasa lina eneo lake. Kuna bustani ya maua imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nani anamwagilia? Waliochelewa. Aliyechelewa namba, achote maji madumu matatu, amwagilie maua. Aliyepiga kelele, afagie uwanja. Mimi nimetoa adhabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikuona ubaya, afadhali hiyo kuliko fimbo. Lakini fikiri mtoto anajifunza nini kwa miaka saba. Anajifunza kwamba kutunza mahali pa wote ni kazi ya wakosaji. Mtoto mwema, mtoto mwenye akili, anakaa darasani. Anakua, anakuwa shehe, anakuwa mtendaji, anakuwa mfanyabiashara, na akiona ua lina kiu, ndani yake kuna sauti inasema: hiyo si kazi yangu, mimi sijakosea kitu.

Nimewaadhibu watoto kwa ibada. Mwenyezi Mungu anisamehe. Shule ikifunguliwa baada ya Idi, nitawaambia wanafunzi wa darasa langu kwamba kumwagilia ni zamu ya viranja na ya waliofanya vizuri, na zamu ya kwanza ni ya mwalimu.

Sasa, ndugu zangu, tusilie tu. Wenzetu wamefanyaje mpaka yakadumu?

Sote tunajua Moshi. Kwa miaka mingi mji ule umetajwa miongoni mwa miji misafi kuliko yote nchini. Wana sheria ndogo na faini, ukitupa takataka unashikwa. Wengine wanasema usafi wa kuogopa faini si usafi wa moyo. Ni kweli, lakini faini ina kazi yake: inazuia mkono unaotaka kuchafua. Haiwezi kuushika mkono ukachote maji. Hakuna faini duniani inayoweza kumwamsha mtu alfajiri na kidumu.

Mnakumbuka pia tarehe 9 Desemba 2015. Rais John Magufuli, aliyekuwa ameapishwa mwezi mmoja tu kabla, alifuta sherehe za Uhuru mwaka ule akataka nchi nzima tufanye usafi. Kipindupindu kilikuwa kinasumbua. Nchi nzima tulishika fagio siku ile. Kisha ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi iwe ya usafi, kama jirani zetu wa Rwanda ng'ambo ya Rusumo wanavyofanya umuganda wao. Lakini kila mmoja ajiulize: Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa wapi? Mimi nilikuwa harusini. Siku moja kubwa ilitusisimua. Jumamosi za kila mwezi zikatushinda.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Dandora, Nairobi, Kenya. Dandora ni mtaa ulio jirani na dampo kubwa la jiji, limekuwepo tangu miaka ya 1970, takataka za Nairobi zinakwenda huko. Nyumba za pale zimejengwa kuzunguka viwanja vya pamoja, na viwanja vile vilikuwa vimejaa taka na uhalifu. Katika miaka ya 2010 vijana wa mtaa wenyewe wakaanza kusafisha kiwanja kimoja, wakapanda majani na maua, wakapaka rangi kuta, watoto wakapata pa kuchezea. Kiwanja cha pili kikaiga. Kikaundwa kikundi kinachoitwa Dandora Transformation League, na viwanja vikashindanishwa, kipi kimebadilika zaidi. Jambo la kujifunza ni hili: hawakuishia kwenye kupanda. Waliweka utaratibu. Wakazi wakachangia kidogo, vijana wakalinda, wakafagia, wakapata na riziki kwa kutoza maegesho ya magari. Kazi ya kila siku ilipata mwenyewe.

Kumbukeni, hao wanaishi pembeni ya dampo. Kama kuna watu wangeweza kusema "maua yanaliwa?", ni wao. Lakini wao ndio walioona kwamba mtu maskini akiishi kwenye taka miaka mingi, huanza kuamini kwamba na yeye ni taka. Ua likichanua mlangoni pake linamkumbusha kwamba yeye ni mtu.

Kwa hiyo ninahitimisha hivi.

Mzee wangu wa safu ya mbele, najua unasoma, mjukuu wako anakusomea. Swali lako lilikuwa zuri na sitaki life. Kama mwezi huu mtu amemwagilia tairi na jirani yake amefuturu maji ya moto, wewe una haki, na mimi nitasimama upande wako. Leo jioni kabla ya magharibi, mimi na wewe, kama utaniruhusu, tutapeleka futari kwa wajane wale uliowataja. Bila picha. Unipe majina yao, kwa sababu naona aibu kusema, mawili siyajui.

Lakini na mimi nakuomba kitu. Usizigombanishe sadaka. Ukiangalia vizuri, anayesahau mjane na anayesahau ua ni mtu mmoja, mwenye ugonjwa mmoja: anapenda siku ya kwanza, hapendi siku ya pili. Na yule wa kidumu, nina hakika, mjane akipiga hodi kwake usiku hatageuzwa. Mkono uliozoea kumnywesha asiyeweza kusema asante, utashindwa kumlisha anayesema?

Ndugu zangu, kazi yetu ya wiki hii ni hii.

Moja. Matairi yaliyokauka tutayapanda tena mvua zikishika. Hatutaitana kwa tarumbeta. Kila mwenye kuweza achague tairi moja, asimwambie mtu ni lipi. Tukikutana wawili kwenye tairi moja, tutasalimiana na kucheka.

Mbili. Maji ya udhu pale msikitini yanapotea kwenye mchanga mara tano kwa siku. Fundi wetu amesema mfereji mfupi unatosha kuyapeleka kwenye matairi ya upande wa barabara. Udhu wako utakunywesha na ua.

Tatu. Majirani zetu Wakristo tulipanda nao, tumwagilie nao. Mitaro haina dini.

Nne, na hii ni ya moyoni. Leo tafuta jambo moja dogo jema ambalo hutalisimulia. Si kwangu, si kwa mke au mume wako, si kwenye stetasi. Lifanye, ulifiche, na kesho ulirudie. Ukiona ulimi unawasha kulisema, jua hapo ndipo swaumu yako ya leo ilipo.

Ewe Mola wetu, takabali swaumu zetu na yaliyofichika ndani yake. Tusamehe kwa mengi tuliyoyaanza tukayaacha. Wape shifaa wagonjwa wetu, warehemu marehemu wetu, walishe wenye njaa na utufanye sisi kuwa mikono ya kuwalisha. Na yule mja wako wa alfajiri, unayemjua Wewe vizuri kuliko sisi, umnyweshe Siku ambayo hakuna maji ila Yako. Aamin.

Tukutane kesho inshaAllah, Siku ya 13. Aliye na swali anishike mkono pale kwenye viatu, kama mzee wangu. Maswali ya pale ndiyo yanayonifundisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhani Karim.